Mamlaka si madaraka, wala si nguvu
Wengi huyatumia maneno mamlaka, madaraka na nguvu kana kwamba yana maana moja. Historia ya Likoni, Kisauni na Changamwe yadhihirisha tofauti.

Chini ya mkataba wa 1895, ukanda wa pwani wa maili kumi, zikiwemo sehemu hizo, ulibaki kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza ndio walioutawala, wakimlipa kodi kila mwaka. Sultani alikuwa na mamlaka, yaani haki ya kuamuru. Nguvu, yaani uwezo wa kutiiwa, zilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Madaraka ni dhamana anayokabidhiwa mtu. Ndiyo sababu Kenya ilipata Madaraka Juni 1, 1963 ili ijiendeshee mambo ya ndani, lakini Uhuru ukaja Desemba 12, siku ambayo haki ya Sultani juu ya ukanda huo ilikoma.

Leo chifu ana madaraka na askari ana nguvu. Mamlaka kuu, yasema Katiba ya 2010, ni ya wananchi. Hivyo, mkazi anayeamriwa kubomoa kibanda chake ana haki ya kuuliza: kwa mamlaka gani?