Mapipa Yameondoka, Je, Ardhi Imepona?

Siku moja katika darasa letu la Mandewa mama mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Alisema, "Mwalimu, kiwanja alichotuachia baba mkwe zamani kilikuwa na banda la dawa za mazao. Banda lilikwisha kuanguka. Mapipa yalichukuliwa. Sasa majani yameota vizuri tu. Naweza kulima mchicha pale na kufuga kuku wangu?"

Wenzake wengine walicheka. Mzee mmoja akasema, "Majani yakiota, ardhi imepona." Mimi nikaomba nipewe muda nikasome kwanza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Twende kwanza Vikuge. Vikuge ipo Kibaha, Mkoa wa Pwani, na pana shamba la serikali. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea msaada wa dawa za kuua wadudu kutoka Ugiriki. Zilikuwa tani 170. Hebu piga hesabu: gunia la mahindi tulihesabu kilo 100, basi tani 170 ni uzito wa magunia 1,700. Tena baadhi ya dawa hizo muda wake ulikuwa umekwisha. Zikawekwa shambani katika banda lililo wazi. Banda likaanguka, mvua ikazinyeshea, dawa zikaingia ardhini.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Mpita njia angesema kazi imekwisha. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden hawakuridhika na macho. Walichukua udongo wa juu, wa kati na wa chini, hadi kina cha sentimita 50. Hicho ni kama kipimo cha kutoka kisigino hadi goti. Wakachukua na maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi. Matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004.

Walikuta nini? Pale palipozidi, udongo wa juu ulikuwa na DDT asilimia 28. Maana yake, katika kilo 100 za udongo ule, kilo 28 zilikuwa DDT. Huo si udongo tena, ni dawa iliyochanganywa na mchanga! Dawa nyingine iitwayo HCH ilifika asilimia 6. Hata chini kwenye sentimita 50 sumu ilikuwepo.

Katika maji walikuta dawa za jamii hiyo hadi mikrogramu 30 kwa lita moja. Mikrogramu ni kitu kidogo mno: chukua gramu moja, uigawe mafungu milioni moja, fungu moja ndiyo mikrogramu. Utasema, "Ah, ni kidogo hivyo, itanifanya nini?" Nchi za Umoja wa Ulaya zina kikomo cha maji ya kunywa. Dawa zote za wadudu zikijumlishwa zisizidi nusu ya mikrogramu kwa lita. Kwa hiyo 30 ni mara 60 ya kikomo hicho. Wataalamu wale waliandika wazi kwamba udongo uliobaki wenyewe umekuwa taka ya sumu, na ni hatari kwa watu wa vijiji vya jirani.

Sasa turudi kwa mzee wetu na majani yake. Mzee hakusema upuuzi, alisema alichokiona. Lakini DDT ilitengenezwa iue wadudu, haikutengenezwa iue majani. Nyasi zinaweza kuota juu yake zikawa za kijani kibichi, na sumu iko chini yake imelala. Tena haina haraka. Nusu ya DDT iliyo udongoni yaweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15 kupungua, na hiyo nusu iliyobaki nayo inaanza safari yake upya. Sehemu inayopungua nayo haipotei yote, nyingine inageuka kuwa sumu ya ukoo uleule inayodumu vilevile. Ndiyo maana mataifa mengi yalikubaliana Stockholm mwaka 2001 kuizuia DDT, isipokuwa kwa kupambana na mbu wa malaria. Tanzania iliridhia mapatano hayo mwaka 2004.

Na ipo sumu isiyooza kabisa. Majosho ya ng'ombe ya zamani sana yalitumia arseniki. Arseniki ni kama chuma au mchanga, haiozi hata miaka mia ikipita. Katika jimbo la New South Wales kule Australia yapo majosho ya zamani zaidi ya 1,600, na serikali yao imefanya kazi miaka mingi kuyapima na kuyazungushia uzio. Kama penye kijiji chenu pana shimo la josho lililoachwa, usijenge choo wala jiko juu yake kabla ya kuuliza.

Mama yule aliuliza habari ya kuku, na hapo naomba tukae kidogo. Sisi wa Singida tunajulikana kwa kuku wa kienyeji. Kuku wetu anachakura kutwa, na kila anapodonoa anameza udongo. Dawa kama DDT zinapenda mafuta. Zikiingia mwilini zinakaa kwenye mafuta, kisha zinatoka kwenye kiini cha yai. Kwa ng'ombe na mbuzi zinatoka kwenye maziwa. Kwa mama anayenyonyesha ni vilevile. Basi kuku anaweza kuwa mzima na anataga vizuri, lakini yai lake linampelekea mtoto kile kilichomo ardhini. Wataalamu wa nchi nyingi hupima mayai ya kuku wanaochakura ili kujua udongo ukoje.

Je, ardhi kama hiyo inasafishwaje? Njia ya kwanza ni kuchimba udongo wote wenye sumu, kuutia katika mapipa au magunia maalumu yasiyovuja, na kuupeleka penye tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,000. Matanuri ya namna hiyo mengi yako Ulaya, kwa hiyo gharama ni kubwa. Wengine huuliza, mbona tusichome wenyewe kwenye tanuri la matofali? La, hasha. Moto mdogo hauiui sumu, unaibadili kuwa moshi wenye sumu nyingine, na pengine kali kuliko ile ya kwanza. Wala usiifukie kando ya kisima ukadhani umeificha.

Njia ya pili ni kufunika. Unawekwa udongo wa mfinyanzi, juu yake udongo safi, kisha uzio na kibao. Sumu inabaki palepale ila imezuiwa isimfikie mtu, kuku wala maji. Mimi naona njia hii si mbaya kwa nchi isiyo na fedha nyingi, mradi watu waambiwe ukweli kwamba sumu bado ipo. Kibao kikianguka na wazee wakafa, wajukuu watajenga hapo.

Lakini neno kubwa ni kuhakikisha. Udongo ukishachimbwa, wapimaji wanarudi shimoni. Wanachukua udongo kutoka sakafu ya shimo na kutoka kuta zake, maana sumu huenda ilikwenda pembeni. Wanachukua pia udongo wa mahali pengine ambapo hapakuwekwa dawa kamwe, ili walinganishe. Kila chupa inaandikwa: imetoka wapi, kina gani, siku gani. Chupa isiyoandikwa haina faida, hata kama maabara ni nzuri namna gani. Sumu ikikutwa bado ipo, wanachimba tena, wanapima tena. Visima vya karibu hupimwa kiangazi, na hupimwa tena baada ya masika, kwa sababu mvua ndiyo inayobeba.

Kazi hii si ya kufanya kwa jembe na mikono mitupu. Mwenye mamlaka ya viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Yupo pia Mkemia Mkuu wa Serikali kwa upimaji, na taasisi ya taifa inayosimamia mazingira. Wewe anzia kwa bwana shamba wako au ofisi ya kata.

Siku ukiletewa karatasi isemayo "ardhi hii ni salama", usikimbilie kufurahi. Uliza: walipima mahali pangapi? Kina gani? Walilinganisha na kikomo cha nani? Na salama kwa kazi gani? Ardhi inayofaa kuegesha matrekta si lazima ifae mchicha.

Nilimweleza mama yule haya yote darasani. Kuku amewahamishia kwa dada yake, na kiwanja amekizungushia miiba na minyaa. Kisha tukaandika barua pamoja, darasa zima, tukabaki na nakala. Tulitaka kuandika banda lilikuwa na dawa gani na lilikaa vipi, na hapo mzee aliyesema ardhi imepona ndiye aliyetusaidia. Aliwahi kubeba mizigo pale. Alikumbuka mlango ulikuwa upande gani, na akatupeleka hadi mahali walipokuwa wakioshea mabomba ya kunyunyizia na kumwaga maji yake.

Hapo ndipo mama alipokuwa ameshachora matuta ya mchicha.