Jina la Amri na Jina la Kifurushi: Utafutaji wa Programu Inayokosekana katika Mfumo wa Linux

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekusanya kongoo la matini za Kiswahili mara nyingi huhitaji kutoa maandishi yaliyomo katika faili za PDF. Katika kompyuta zinazotumia Linux, kazi hiyo hufanywa na amri pdftotext. Iwapo amri hiyo haipatikani, kompyuta hutoa ujumbe wa kukosekana kwake na kazi husimama. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua kifurushi chenye amri au faili inayokosekana, na sababu za kutokisia jina lake.

2.0 Unasibu wa Majina

Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, neno mpishi hutafutwa chini ya kitenzi pika. Msomaji huongozwa na mofolojia. Baina ya amri na kifurushi hakuna mwongozo wa aina hiyo. Katika Debian, pdftotext imo katika poppler-utils, ps katika procps, na ifconfig katika net-tools. Isitoshe, kila tawi la Linux lina mapatano yake: Arch Linux huiweka pdftotext katika kifurushi kiitwacho poppler. Uhusiano huu, kama ule wa kitaja na kitajwa, ni wa nasibu. Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Kukisia miongoni mwa hivyo ni kupoteza wakati.

3.0 Hatua za Utafutaji

Kwanza, ni vema kuhakikisha kwamba amri haimo kweli. Huenda tahajia imekosewa, au amri imo mahali ambapo kompyuta haikuagizwa kutafuta. Katika Debian, kwa mfano, amri zilizomo katika /usr/sbin kwa kawaida hazitafutwi kwa niaba ya mtumiaji asiye msimamizi.

Pili, ikiwa faili imo tayari, asili yake huulizwa hivi:

dpkg -S /usr/bin/pdftotext

Swali hili hujibiwa kwa kumbukumbu za vifurushi vilivyokwisha kuwekwa tu. Kwa hiyo, kukosa jibu si ushahidi kwamba hakuna kifurushi chenye faili hiyo.

Tatu, kwa faili isiyomo, hutumika apt-file, ambayo yenyewe huwekwa kwanza:

apt-file update
apt-file search bin/pdftotext

Programu hii husoma faharasa inayoanzia kwenye faili na kuishia kwenye kifurushi. Kuongeza bin/ hupunguza majibu yasiyohusika. Katika Fedora, swali hilo huwa:

dnf provides '*/pdftotext'

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba swali la kilichomo na swali la kinachoweza kupatikana ni maswali mawili yenye kumbukumbu mbili tofauti. Kwa kuwa jina la amri halitambulishi kifurushi wala toleo lake, mtafiti hana budi kuyataja yote mawili katika maelezo ya mbinu zake. Bila hayo, mwenzake atakayetaka kurudia kazi hiyo anaweza kupata matini tofauti asijue chanzo cha tofauti hiyo.