Hasira ya Mtoto na Tiba ya Jadi ya Kichina

Katika tiba ya jadi ya Kichina, makao ya hasira ni ini. Qian Yi, tabibu mashuhuri wa watoto wa karne ya 11, aliyapambanua maradhi yao kwa viungo vitano: moyo, ini, wengu, mapafu na figo. Mtoto mwenye ghadhabu, basi, husemwa kuwa ini lake limezidi nguvu.

Yafaa tutofautishe njia mbili za kumtuliza. Ya kwanza ni kumkanda: mganga hupitisha kidole gumba chake taratibu juu ya kidole cha shahada cha mtoto, kinachohesabiwa kuwa cha ini. Elimu ya maumbile ya mwili haioneshi uhusiano huo. Hata hivyo, mguso mwororo waweza kumtuliza mtoto, wala haumdhuru.

Ya pili ni vidonge vilivyotiwa madini mekundu ya zebaki na salfa. Madini hayo huyeyuka kwa shida, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu, zebaki hujilimbikiza figoni na kudhuru neva. Ubongo wa mtoto, ambao ungali unakua, huathirika zaidi.

Ukale wa tiba, kwa hiyo, si ushahidi wa usalama wake. Kila dawa na ipimwe peke yake. Na mtoto asiyetulia apelekwe kwanza kwa daktari, kwani huenda hasira yake ni maumivu.