Bunduki Mpya ya Askari wa Kibra

Mtu wa Kawangware aendaye Kibera leo haoni msitu. Lakini "Kibra" kwa Kinubi maana yake ni msitu. Humo Serikali iliwakalisha askari Wanubi wa Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Askari aliyezoea Martini, itiwayo risasi moja moja, bila shaka alistaajabu kukabidhiwa Lee-Enfield, ibebayo risasi kumi. Lakini bunduki haikuwa mali yake, alipostaafu aliirudisha. Tamaa yake sasa ilikuwa shamba, naye alipewa ruhusa ya kukaa tu, si hati. Wajukuu walingoja hadi mwaka 2017, ndipo Wanubi walipopata hati ya ekari 288. Basi, ndugu msomaji, silaha hurudishwa ghalani. Ardhi yenye hati hurithiwa.