Viazi, makemba na ugonjwa wa sukari

Huku kwetu mtu akikutwa na ugonjwa wa sukari, jamaa wanamwambia: bugali basi, makemba basi, viazi basi. Sasa atakula nini? Katika Masisi viazi na maharagi ndivyo vinavyojaza sahani. Kule Walikale ni mihogo, makemba na mchele. Kumkataza vyote ni kumtesa kwa njaa. Sisi tunaona afadhali kubadili namna ya kupika.

Vyakula hivi vina wanga, ile amido ya masomo ya biolojia. Tumboni wanga unavunjwa, unakuwa glukozi, unaingia katika damu; lakini si vyote vyenye mwendo mmoja. Kemba bichi bado lina wanga mwingi. Likiiva, wanga umekwisha kugeuka sukari, ndiyo maana ni tamu. Basi mgonjwa achemshiwe bichi. Kiazi kizima kinavunjwa polepole kuliko kilichopondwa laini. Tena kiazi kikichemshwa na kupoa, sehemu ya wanga wake inajifunga upya, na utumbo mwembamba hauwezi kuivunja. Ukikipasha moto, sehemu ya faida inabaki.

Wali pia ni vile vile, ila angalieni: wali uliolala kwenye joto unazaa vijidudu vyenye sumu ambayo moto hauiondoi. Na frigo iko wapi kijijini? Kwa wali afadhali kupunguza kipimo tu.

Bugali ya mihogo ndiyo ngumu kweli. Mtu asifupishe kuloweka mihogo, eti anatafuta dawa. Kuloweka ndiko kunakotoa sumu yake. Atengeneze tonge dogo, na sombe, lengalenga na maharagi yawe mengi. Maharagi yanachelewesha sukari. Hata kuanza na mboga na kumaliza na bugali kunasaidia, ingawa wazee watashangaa!

Haya yote ni msaada mdogo. Hakuna kiazi baridi kinachochukua nafasi ya insulini, ambayo mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, ilimwokoa kijana wa miaka 14, mwenye umri wa wanafunzi wetu. Mwenye kudungwa sindano asibadili chakula bila kumwambia muuguzi, juu sukari inaweza kushuka mno. Mkimwona mwenzenu anatetemeka na kutoka jasho, kama bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari mara moja, hata kama asubuhi ninyi wenyewe mlimkataza kutia sukari katika chai.