Nani Alitangulia? Swali la Wasafiri wa Tura na la Kompyuta za Leo

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliandika kwamba alimkuta msafiri na mmisionari David Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone mwenyewe inauweka ujio wa mgeni huyo ndani ya Oktoba. Watu wawili waliopeana mikono uso kwa uso hawakukubaliana walipeana lini, na waandishi wa maisha yao wanabishana hadi leo. Hakuna aliyedanganya. Safari ndefu na homa huvuruga hesabu ya siku, na kati yao hapakuwa na kalenda ya tatu ya kuwaamua.

Njia ya misafara aliyoifuata Stanley ilikatiza Tura, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Aliyetoka pwani, akishalimaliza pori kavu la Mgunda Mkali, Tura ndiyo iliyompokea kwenye mpaka wa Unyamwezi. Wasafiri Burton na Speke walipita hapo Oktoba 1857. Stanley alipita Juni 1871. Ukitaka kuelewa kwa nini hela ya simu hukwama hewani, au kwa nini kampuni kubwa za kompyuta huwalipa vizuri watu wanaofikiria jambo dogo kama "nani alitangulia", njia hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chukua mfuko wa barua za Livingstone. Ulikuwa na tarehe ya 1 Novemba 1870, ukatoka Unguja, ukalala Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na mwenyewe akaupata kwa mkono wa Stanley baada ya takriban mwaka mzima. Au chukua safari ya Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Aliondoka Bagamoyo Machi 1873 na kufika Unyanyembe Agosti. Livingstone alikwisha kufa katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei. Chuma, mmoja wa watumishi wa Livingstone, alipowasili Oktoba na barua ya mwenzake Jacob Wainwright ndipo Cameron alipojua kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimfuata marehemu. Hata tarehe ya kifo ina utata: vitabu vingi husema 1 Mei, ilhali Wainwright alichonga 4 Mei kwenye mti aliozikiwa moyo wake.

Pamoja na utata wote huo, yapo mambo yasiyobishaniwa. Kifo kilitangulia barua ya Wainwright. Barua ilitangulia safari ya Chuma. Safari ilitangulia machozi ya Unyanyembe. Huhitaji saa kulijua hilo, kwa sababu kila tukio limelizaa linalofuata. Lakini ukiuliza kama Livingstone alikata roho kabla au baada ya siku fulani ambayo wapagazi wa Cameron walitua mizigo njiani, swali hilo kwao lilikuwa halina maana. Hapakuwa na habari iliyoweza kutoka kwa mmoja ikamfikia mwenzake kwa wakati.

Mwaka 1978 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Leslie Lamport, alichapisha makala ya kurasa 8 yenye wazo hilo hilo, japo yeye hakuwa akifikiria misafara bali kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Kila kompyuta ina saa yake, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Moja hukimbia kidogo, nyingine huchelewa. Ujumbe nao huchukua muda usiotabirika kufika. Basi mfumo mzima utajuaje lipi lilitangulia? Lamport alijibu kwamba tuache kuuliza saa ngapi. Tuulize kama tukio moja liliweza kuliathiri jingine. Likiweza, hilo ndilo la kwanza. Yasipoweza kuathiriana kwa upande wowote, basi hayana mpangilio, na tuko huru kuyapanga tupendavyo mradi wote tupange namna moja.

Njia yake ya kupanga ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Kila kompyuta inashika namba na kuiongeza moja kila inapotenda jambo. Ikituma ujumbe, inaubandika namba hiyo. Mpokeaji analinganisha namba ya ujumbe na yake, anachukua kubwa, anaongeza moja. Tuseme mashine ya Dar es Salaam imefika 41 na kuituma namba hiyo Tabora, ambako mashine ya huko bado iko 8. Tabora hairuhusiwi kuandika 9. Inaruka hadi 42. Kwa hiyo kupokea daima kunakuwa na namba kubwa kuliko kutuma, hata kama saa ya ukutani Tabora iko nyuma kwa robo saa. Namba zikigongana, jina la mashine linaamua.

Lamport alizaliwa New York mwaka 1941 na shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya hisabati. Makala yake ya mwanzo iliyovuma, ya 1974, ilihusu namna programu nyingi zinavyoweza kupanga foleni kwa kuchukua namba, kama wateja wa duka la mikate, pasipo msimamizi.  Alifanya kazi katika taasisi ya SRI, kisha kampuni ya DEC, kisha Microsoft; maisha yake ya utafiti aliyapitisha kwenye kampuni na taasisi za utafiti, si kwenye uprofesa. Pembeni akatengeneza LaTeX, programu ambayo wanahisabati wa dunia nzima huandikia makala zao. Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hii, aliipata ya mwaka 2013.

Sasa tuje kwenye simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo hata kijijini wakala hakosekani. Mteja wa Tura anatuma shilingi 50,000 kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Anabonyeza namba ya siri, mtandao unasumbua, kioo kinanyamaza. Hapo simu yake haijui lipi kati ya haya limetokea: ombi halikufika, limefika ila jibu limepotea njiani, au kila kitu ni kizima ila kinakwenda polepole. Kwa upande wa simu mambo hayo matatu yanafanana kabisa. Wataalamu wamethibitisha kihisabati kwamba kwenye njia inayoweza kupoteza ujumbe, hakuna idadi ya "nimepata" na "nimepata kwamba umepata" itakayowapa pande mbili uhakika kamili.

Mteja akirudia, je, zitakatwa 100,000? Dawa ni kwamba kila ombi libebe utambulisho wake wa pekee tangu linapozaliwa. Seva ikiona utambulisho uleule mara ya pili, haikati tena; inarudisha jibu la mwanzo. Lakini mteja mwenyewe akianza upya kwa mkono, hilo ni ombi jipya na mashine haina namna ya kusoma moyo wake. Ndiyo maana ukikwama, angalia salio kwanza.

Nyuma ya seva hiyo kuna kazi ngumu zaidi. Daftari la fedha haliwezi kukaa kwenye mashine moja, maana ikiungua tumekwisha. Linanakiliwa kwenye mashine kadhaa, na nakala hizo lazima zikubaliane juu ya kila mstari hata kama baadhi zimezimika. Lamport alilitatua hilo kwa utaratibu alioupa jina la Paxos, kisiwa cha Ugiriki, akauandika kama hadithi ya bunge la kale ambalo wabunge wake hawakai kikaoni. Aliiwasilisha makala mwaka 1990. Wahakiki waliona hadithi haina haja, naye akakataa kuiondoa, ikakaa hadi 1998. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea: wahakiki kwa kutoliona tunda, yeye kwa kulifunga kwenye maganda mengi kiasi kile. Mwaka 2001 aliandika toleo jepesi.

Kiini chake ni wingi wa kura. Ukiwa na mashine 5, uamuzi unapita ukikubaliwa na 3. Kikundi chochote cha 3 kikilinganishwa na kingine cha 3 lazima viwe na angalau mwanachama mmoja wa pamoja, na huyo ndiye anayekumbuka kilichopitishwa awali. Mashine 2 zinaweza kufa na daftari likabaki salama. Hesabu hubadilika ikiwa kuna mashine inayosema uongo, kwamba huku inasema ndiyo na kule inasema hapana. Mwaka 1982 Lamport na wenzake Shostak na Pease walieleza kwamba kumdhibiti mwongo mmoja unahitaji wanne, watatu hawatoshi.

Huku nyumbani tunapozungumzia kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, mawazo hukimbilia kwenye mashine kubwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilipata mojawapo kwa ushirikiano na India, na ni jambo jema: kutabiri mvua, kwa mfano, kunataka ramani igawanywe viboksi na kila kichakato kipewe vyake. Ila Gene Amdahl alikwishaonya mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua. Kama asilimia 5 ya programu lazima ifanywe kwa mfuatano, hata ukinunua vichakato milioni moja kasi haitazidi mara 20. Kabla ya kutafuta fedha za mashine, mtu aichunguze programu yake.

Mchango wa Lamport haukuhitaji mashine kubwa. Ulihitaji karatasi, hisabati ya kidato cha sita na uvumilivu wa kuuliza kinachotokea ujumbe unapopotea. Vyuo vyetu vinafundisha vizuri kutengeneza programu za simu. Lakini somo la mifumo tawanyifu, yaani la kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, mara nyingi huishia kwenye istilahi za mtihani. Wahadhiri, wapeni wanafunzi makala ile ya 1978 kama ilivyo, waisome darasani mstari kwa mstari. Inapatikana bure, sawa na TLA+, lugha aliyoibuni mwenyewe ya kuhakiki mifumo kabla haijajengwa. Mwanafunzi aliye Tabora mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza leo jioni.