Shaba ya Zambia na Mabehewa Yake

Jirani yetu Zambia haina bahari. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, njia ya shaba kwenda kusini iligeuka kitanzi. Ndipo Tanzania na Zambia, kwa msaada wa China, zilipojenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo imesifiwa sana. Mabehewa yake hutajwa kwa nadra. Hata hivyo askari awekwaye lindo stesheni hulinda behewa, na kila behewa lina tabia yake.

Meta moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Kwa hiyo behewa la wazi, au lile tambarare lisilo na kuta, hufikia kikomo cha uzito wake mabamba ya shaba yakiwa hayajafika hata kimo cha goti. Asiyejua hudhani behewa ni nusu tupu. Mwizi hadhani hivyo. Hapo jicho halitoshi. Sharti vipande vihesabiwe.

Mbolea na nafaka husafiri katika behewa lililofunikwa, lenye milango ubavuni. Mlinzi hukagua lakiri ya mlango, kisha paa, maana tundu dogo halijulikani mpaka mvua inyeshe.

Behewa la tangi ndilo lidanganyalo kuliko yote. Tangi lililomiminwa petroli yote laweza kuwa na hatari kubwa kuliko lililojaa, kwani mvuke uliosalia ndani ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Kuvuta sigara kando yake, ati kwa kuwa ni tupu, ni kucheza na mauti.

Mabehewa ya abiria hayana mafumbo: daraja la kwanza vitanda 4 chumbani, la pili vitanda 6, la tatu viti.

Tena behewa la Zambia haliwezi kuingia Reli ya Kati. Njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za kusini. Reli ya Kati ni milimita 1,000. Kwa tofauti isiyozidi upana wa vidole vinne, shehena hulazimika kuhamishwa, na kituo cha kazi hiyo kilifunguliwa Kidatu mwaka 1998. Kila gunia lishushwapo na kupakiwa upya hupita mikononi mwa watu wengi. Kontena limepunguza adha hiyo: winchi huhamisha sanduku zima, lakiri ikiwa haijaguswa. Reli mpya ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina upana wa tatu, milimita 1,435.